Mfadhili Akiondoka, Daftari Lake Liko Wapi?

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Uingereza nayo ikatangaza kwamba misaada yake itashuka hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Tangu hapo, ukiwakuta watu wa makumbusho na vituo vya sanaa wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wamekaa pamoja, mazungumzo ni yaleyale: tumpate nani sasa? Maandiko ya miradi yaliyolenga Washington yanafutwa jina la juu na kuwekwa la Berlin au Oslo, mengine yakibaki kama yalivyokuwa. Hofu hiyo ninaielewa, ila inaelekezwa kusiko. Fedha za Marekani nchini zilikwenda zaidi kwenye afya, na sanaa iliambulia makombo. Ukame wa makumbusho yetu ulikuwapo wakati bomba bado liko wazi.

Ninachosema ni hiki: kwa makumbusho ya Iringa, Mbeya au Njombe, kumpata mtoaji si kazi ngumu kuliko kumbakiza. Kazi ya michango ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuomba. Nusu ya pili ni kushukuru, kuandika, kutoa taarifa na kukumbuka, na hiyo ndiyo inayoleta mchango wa pili, wa tatu na wa kumi. Katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, nusu hii ya pili ina ofisi yake na watu wake. Kwetu inamwangukia mkurugenzi saa kumi na moja jioni, akishamaliza habari ya fundi wa paa na wageni wa shule, na mara nyingi haimfikii kabisa.

Tuangalie tulikotoka. Iringa Boma, lile jengo la enzi ya Wajerumani katikati ya mji, lilifunguliwa kama makumbusho na kituo cha utamaduni mwaka 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kalenga kuna makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ambako fuvu lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954 limehifadhiwa. Songea kuna makumbusho ya Majimaji, ambako Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Novemba 1, 2023 kwa yaliyofanywa na wakoloni wa Kijerumani. Hivyo hamu ya wageni kusaidia ipo, na historia inayowavuta ipo. Lakini fedha za mradi zina umbile lake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu zaidi ya asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja kuwa gharama za uendeshaji wa taasisi. Awamu ya mwisho ya fedha hulipwa baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa, kwa hiyo taasisi hujikuta imetanguliza fedha yake yenyewe kwa miezi. Mkataba unalipia maonyesho, mafunzo, uchapaji na uzinduzi. Haulipii mlinzi wa usiku wa mwaka wa sita. Siku mradi unapofungwa, kabati za vioo zinabaki ziking'aa, na wa kulipia umeme wa LUKU hajulikani. Kuna hasara nyingine isiyoingia kwenye taarifa ya mkaguzi: barua pepe zote za mfadhili zilikuwa kwenye kompyuta ya mratibu wa mradi. Mratibu akipata kazi Dodoma, anaondoka na uhusiano mzima. Miaka mitatu baadaye yule ofisa wa ubalozi, ambaye sasa amestaafu na angeweza kuchangia kwa mfuko wake mwenyewe, hakuna anayejua jina lake la kwanza.

Wapo wanaosema suala hili lote ni la serikali. Hoja yao ina uzito, nami nisingeitupa. Mambo ya kale yamewekwa chini ya sheria tangu 1964. Urithi ni wa taifa. Haiwezekani fuvu la Mkwawa litegemee ukarimu wa muuza mbao. Hata Marekani, ambako tunaambiwa kila kitu ni cha matajiri, wananchi wa kaunti tatu za Detroit na viunga vyake walipiga kura mwaka 2012 kukubali kodi ndogo ya majengo kwa ajili ya makumbusho ya sanaa ya Detroit Institute of Arts, nao wakapata kuingia bure. Ila tusiishie katikati ya kisa. Mwaka uliofuata jiji likafilisika, na wadai wakaanza kuzihesabu picha za ukutani kama ng'ombe wa mnada. Kilichoziokoa ni mpango wa zaidi ya dola milioni 800 uliochangiwa na taasisi za hisani, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe, ambayo iliahidi kukusanya dola milioni 100 kutoka kwa watoaji wake. Kilichoiwezesha ahadi hiyo si kwamba Detroit ina matajiri. Iliwezekana kwa sababu watoaji wale walikuwa tayari wanajulikana kwa majina, wamezoea kupigiwa simu na wamezoea kujibu. Kodi hulinda paa. Siku paa linapowaka moto, anayeitwa ni mtu. Na tusisahau kwamba huku kwetu nyumba nyingi za sanaa ni za vyuo, makanisa na vikundi, ambazo hazina fungu kwenye bajeti ya serikali na hazitalipata kwa kulalamika.

Hoja ya pili inapendwa na vijana wa masoko: twende kwa makampuni. Hapa pana fedha, ila pana na utaratibu ambao watu hawausomi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mfanyabiashara kupunguza michango ya hisani kwenye mapato yake kabla ya kukatwa kodi, lakini kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara (yaani faida, si mauzo), na taasisi inayopokea lazima iwe inatambuliwa kuwa ya hisani. Chukua kampuni ya mbao ya Mufindi yenye mapato ya biashara ya shilingi milioni 500. Kikomo chake ni milioni 10. Ikitoa zote, kwa kodi ya asilimia 30 inaokoa milioni 3. Mchangishaji anayejua hesabu hii hamwambii mkurugenzi wa kampuni "tunaomba msaada"; anamwambia mchango wa milioni 10 utamgharimu milioni 7, na barua ya utambuzi hii hapa. Asiyejua anaambiwa "tutawapigia". Kwa migodi njia ni nyingine. Tangu marekebisho ya 2017 ya sheria ya madini, mwenye leseni hupanga mpango wake wa kila mwaka wa kusaidia jamii kwa makubaliano na halmashauri. Kwa hiyo kwenda kugonga geti la mgodi Chunya ni kupoteza nauli. Panapogongwa ni halmashauri ya Chunya, mapema, kabla vipaumbele vya mwaka havijafungwa, na kwa jambo litakalofanyika Chunya. Makumbusho ya jijini Mbeya yanayotaka fedha hizo yapeleke maonyesho ya kuhamahama kwenye shule za Makongolosi, yasiombe kujengewa ukumbi Mbeya.

Tena fedha ya kampuni ina mkia. Machi 2019 makumbusho ya picha ya National Portrait Gallery ya London iliachana na mchango wa pauni milioni 1 wa familia ya Sackler, ambayo kampuni yake iliuza dawa ya maumivu iliyowaingiza Wamarekani wengi kwenye uraibu. Mwaka huohuo Louvre la Paris likaondoa jina lao ukutani, na Desemba 2021 Metropolitan ya New York ikafuata. Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Makumbusho ya Iringa yakipokea fedha ya kampuni yenye mgogoro wa ardhi na kijiji, halafu yakaandaa maonyesho juu ya namna Wajerumani walivyochukua ardhi, wanakijiji watakaokuja kuangalia watacheka kabla ya kusoma maelezo. Na mgombea anayetaka kukabidhi hundi ya kadibodi mbele ya kamera wiki mbili kabla ya kura yupo kila mkoa. Dawa yake ni karatasi mbili zilizopitishwa na bodi wakati hakuna hundi mezani: tunapokea kwa nani, hatupokei kwa nani, jina linakaa ukutani kwa miaka mingapi (andika idadi, kamwe usiandike "milele"), na kwamba anayetoa haamui kinachoning'inizwa. Ukisubiri hundi ifike ndipo uandike kanuni, kanuni itaandikwa na hundi.

Sasa nije kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: eti Watanzania hawana utamaduni wa kuchangia. Anayesema hivyo hajawahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Kamati ya harusi ya Mbeya ni ofisi ya michango iliyokamilika kuliko nyingi zenye shahada. Ina daftari lenye safu tano: jina, simu, ahadi, alicholipa, baki. Ina kadi ya mchango inayofikishwa mkononi, na ikishindikana, picha yake inatumwa WhatsApp na msamaha juu yake. Ina tarehe ya mwisho ya ahadi, na katibu anayejua kwamba aliyeahidi laki mbili akatoa hamsini anapigiwa Jumatano, si Jumatatu. Orodha ya waliolipa inabandikwa kwenye kundi kila jioni, kila jina na alama yake ya tiki. Na kamati yenye uzoefu haipangi ukumbi kwa ahadi. Inazikata kwanza, kwa kuwa inajua zote hazitaingia. Kisha nenda kanisani wakati wa mavuno, Tukuyu au Ilula. Debe la mahindi, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu vinanadiwa uwanjani baada ya ibada, mnunuzi anatajwa, fedha inahesabiwa hapohapo. Jumapili inayofuata mzee wa kanisa anasoma kwenye matangazo: sadaka ya wiki iliyopita ilikuwa kiasi fulani. Hiyo ni taarifa kwa watoaji, kila baada ya siku saba, mbele ya mashahidi. Niambie makumbusho gani yametoa taarifa ya fedha kwa wachangiaji wake hata mara moja kwa mwaka kwa lugha ambayo mama wa sokoni ataielewa. Watu wa kwetu wanatoa. Wanachokataa ni kutoa gizani.

Mtu atanijibu kwamba harusi ina kurudishiana: leo kwangu, kesho kwako, na daftari la zamani hufunguliwa siku mtoto wako anapooa. Kweli, na hapo ndipo mfano unapofikia mwisho wake. Makumbusho hayaozi mtoto. Inabidi yawe na kitu kingine cha kurudisha, na kitu hicho kiwe cha hakika kuliko "kuenzi utamaduni wetu", maneno ambayo kila andiko linayo na hakuna anayeyasikia tena. Ukoo uliotoa picha za babu waweze kuja kuziona na kupata nakala siku ya msiba bila malipo. Mwanachama aingie na wageni wake wanne wa sikukuu. Shule iliyochangia ipate siku yake. Wafinyanzi wa Kikisi wa upande wa Matema, ambao vyungu vyao vimesambaa Unyakyusa yote, waone bei na jina la mfinyanzi vimeandikwa kando ya chungu, si "chungu, Kyela". Kituo cha Neema Crafts pale Iringa, kilichoanza 2003, kilielewa mapema kwamba mgeni akinunua, akala na akalala, amechangia bila kuombwa.

Hesabu yenyewe si kubwa. Wanachama 240 wa shilingi 30,000 kwa mwaka ni milioni 7 na laki 2, sawa na laki 6 kwa mwezi. Hazijengi ukumbi, lakini kwa makumbusho madogo ndizo mlinzi, LUKU, maji na bando la intaneti, yaani yaleyale ambayo mradi haulipi. Kinachoua ni kuvuja. Ukipoteza nusu ya wanachama kila mwaka bila kuwajaza, 240 wanakuwa 120, kisha 60, kisha 30. Ukibakiza wanane katika kila kumi, baada ya miaka mitatu bado una zaidi ya 120. Tofauti kati ya njia hizi mbili haiko kwenye uzinduzi wala tisheti. Iko kwenye simu ya mwezi wa kumi na moja inayosema ada yako inaisha mwezi ujao, na hiki ndicho tulichokifanya kwa ya mwaka huu. Methali ya kutoa ni moyo imewalemaza wengi. Moyo nao hukumbushwa.

Daftari lenyewe liweje? Linaweza kuwa jalada gumu la kaunta ama jedwali la kompyuta, mradi liwe moja, na nakala yake isikae nyumba moja na lenyewe. Kila mtoaji ana ukurasa: jina kama anavyopenda kuitwa, kwa sababu anayeitwa Mama Fulani mtaani hafurahii barua ya "Ndugu", na mchungaji mstaafu bado ni mchungaji; kisha simu, aliletwa na nani, alitoa nini, lini, kwa ajili ya nini, nani alimshukuru na tarehe gani, aliambiwa nini mara ya mwisho. Safu ya "kwa ajili ya nini" ndiyo inayookoa watu na aibu. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya paa ikanunua mafuta ya gari, hata kama ilirudishwa baadaye, imekwisha kuharibu. Fedha zenye kazi maalumu zikae kwenye mstari wake, na wakati wa kuomba uombe wazi fedha huru pia, ukieleza kwamba huru maana yake mshahara na umeme.

Pana kosa dogo linalotokea sana kwenye lipa namba: ujumbe unaonyesha jina lililosajili laini, na laini ya mzee mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe. Ukimshukuru jina la kwenye ujumbe, umemshukuru mtoto kwa fedha ya baba. Piga ile namba kwanza, uulize. Dakika mbili.

Shukrani zenyewe zina ratiba. Simu ndani ya siku mbili. Barua ndani ya wiki, yenye kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, namba ya stakabadhi, na sahihi ya kalamu. Baada ya miezi mitatu, picha ya kilichonunuliwa. Usiombe mara ya pili kabla hujaeleza ya kwanza ilikwenda wapi. Kanuni hii ikivunjwa, nyingine zote hazina maana. Na ujue msimu. Januari ni ada za shule, usimpigie mtu. Kyela mpunga ukishauzwa, Mbozi malipo ya kahawa yakishaingia kwenye vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS), Iringa mahindi yakishatoka shambani, hapo mtu anasikia. Kalenda ya mchangishaji wa huku hufuata mavuno. Desemba ya wazungu si yetu.

Picha ya kilichonunuliwa ni nini hasa? Chukua vikapu vya milulu vya Iringa. Vinaliwa na wadudu watobozi: utaona unga laini chini ya kikapu asubuhi, na vitundu kama vya sindano. Kupulizia dawa ya mbu kunaacha mabaki na hakuui mayai yaliyo ndani ya milulu. Njia ya kitaalamu ni baridi. Kikapu kinafungwa kwenye nailoni, kinazibwa kwa utepe wa gundi, hewa imebanwa itoke, kinawekwa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa kuwa friza la dukani halifiki hapo kwa uhakika, kinaachwa wiki mbili badala ya moja. Kikitolewa, nailoni haifunguliwi kabla ya saa 24, la sivyo unyevu wa hewa unagandia kwenye kikapu na kuleta ukungu. LUKU ikiisha siku ya tano, hesabu inaanza upya. Sasa mtoaji aliyenunua friza hilo, apelekewe picha ya kikapu kikiwa ndani ya nailoni, na mistari minne ya maelezo haya. Hatauliza tena fedha zake zilikwenda wapi, na atamsimulia jirani. Linganisha na sentensi "mchango wako umewezesha uhifadhi endelevu wa urithi". Ile ya kwanza inaleta friza la pili.

Wapo wanaotoa vitu badala ya fedha, na hapa makumbusho yetu huumia kimyakimya. Mjukuu analeta mkuki wa babu, anapigwa picha, watu wanapiga makofi. Miaka miwili baadaye wanakuja baba wadogo watatu: nani alimruhusu? Mali ya ukoo haina mwenye sahihi mmoja. Kabla ya kupokea, mkuki upimwe, upigwe picha pande zote, iandikwe ulikotoka na nani aliushika kabla. Ndugu wasiopungua wawili wa matawi tofauti watie sahihi, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji ashuhudie. Hati iseme waziwazi kama ni zawadi au azima, na kama ni azima, mpaka tarehe gani. Usikubali sharti la kwamba kitu kionyeshwe daima. Kikapu, nguo na karatasi havitakiwi kukaa kwenye mwanga unaozidi luksi 50, yaani mwanga hafifu kuliko wa sebule yako jioni, na hata hapo vinahitaji kupumzishwa ghalani. Mtoaji akielezwa hivyo siku ya kwanza ataelewa. Asipoelezwa, atakuja na wageni wake, asikione, na atajua kwamba kimeuzwa.

Na wa nje je? Sisemi tuwaache. Nasema tuige wale waliofanikiwa kubaki nao. Ushirika wa Bega kwa Bega kati ya KKKT Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa Saint Paul, Minnesota, umedumu tangu miaka ya 1980, marais wa nchi zote mbili wakija na kuondoka. Umejengwa usharika kwa usharika: watu wanajuana kwa majina, wanaombeana, wanatembeleana, wanajua nani kafiwa. Shirika kubwa la misaada linaweza kufungwa kwa sahihi moja. Uhusiano wa namna hii hauna ofisi moja ya kufunga. Mtafiti wa Kijerumani aliyekaa wiki tatu Kalenga, mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao, mtoto wa Iringa anayefanya kazi ya uuguzi ng'ambo, hao ndio Bega kwa Bega ya makumbusho, ikiwa mtu atawaandika.

Swali la haki linabaki: mshahara wa mtu huyu wa kuandika unatoka wapi? Mwaka wa kwanza atagharimu zaidi ya anacholeta, na bodi isiyokubali hilo isimwajiri. Kishawishi ni kumwambia ajilipe asilimia 10 ya atakachokusanya. Maadili ya taaluma hii yanakataza, na sababu zake ni za kawaida kabisa: anayelipwa kwa asilimia atamkimbilia wa hundi kubwa na kumwacha mwanachama wa elfu 30, ataharakisha jambo lililohitaji mwaka wa mazungumzo, na mtoaji akijua kwamba sehemu ya sadaka yake imeingia mfukoni mwa mwombaji, hatarudi. Nusu ya muda wa mhasibu kijana mwenye adabu ya simu inatosha kuanzia. Asiwe mtoto wa mjumbe wa bodi.

Siku yake ya kwanza asiandike andiko lolote. Apewe kitabu cha wageni. Makumbusho karibu yote yanacho, kiko mezani mlangoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi, safu zake ni tarehe, jina, utokako, maoni. Chini ya maoni kumejaa "pazuri", "hongereni", "Mungu awabariki", mamia ya watu waliosimama na kalamu mkononi, wamefurahi, wako tayari, na hakuna hata mmoja anayeweza kupatikana. Arudie kurasa za miaka mitano akitafuta majina ambayo mtu yeyote pale ofisini anayafahamu. Kisha achore safu mbili mpya: namba ya simu, na kisanduku cha kutia tiki kwa anayekubali kupigiwa, kwa kuwa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huwezi kuchukua namba ya mtu kwa kazi moja ukaitumia kwa nyingine bila ridhaa yake. Na kile cha zamani kikijaa kisipelekwe stoo.